Ngozi ya Maji

Sindano ya kushonea haielei. Hata mtoto anayetambaa analijua hilo: chuma ukikitupa majini kinakwenda chini, wala hakiagi. Lakini kulikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi, mwembamba, mkali wa maneno na laini wa moyo, ambaye kila mwaka aliingia darasa la tano na kikombe cha bati kilichobanduka rangi, akakijaza maji, akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati lake na kuilaza juu ya maji kwa vidole viwili. Sindano ikalala pale juu, haina hili wala lile. Darasa zima lilipiga kelele hadi darasa la jirani wakaacha kusoma. Ndiyo maana watu walimwita Mwalimu Sindano, na jina hilo lilimfuata sokoni, msibani na kwa kinyozi.

"Maji yana ngozi," aliwaambia watoto. "Hamuioni, ila ipo. Maji yameshikana mikono kama nyinyi mnapocheza. Ukiweka kitu polepole, kwa adabu, yanakibeba. Ukikitupa kwa pupa yanaachiana."

Kisha akachukua kipande cha sabuni, akagusa maji kwa ncha yake tu. Sindano ilizama papo hapo. "Na huyu ndiye fitina," alisema. "Akiingia, mikono yote inaachana." Watoto walicheka kila mwaka, na yeye alicheka nao kila mwaka, kwa maana mzaha wake alikuwa nao mmoja tu na aliutunza.

Alikuwa pia na sheria moja ambayo hakuichezea. Kabla mtu hajaandika chochote, aseme alichokiona, si anachotaka kukiona. Mtoto aliyepayuka "Imeelea!" kabla sindano haijagusa maji alisimama nyuma mpaka kengele ilie. "Sayansi haina upendeleo," alisema. "Haijali wewe ni mtoto wa nani wala unampenda nani. Umeona nini? Basi sema hicho hicho."

Sasa mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka.

Ulianzia kwenye kidole gumba, ukapanda. Daktari alimpima, akamtembeza chumbani huku na huku, akamwambia aguse pua yake, halafu akakaa chini na kuzungumza kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Huu ugonjwa, mzee, utatembea nao. Dawa zinapunguza, haziondoi." Basi mwalimu akatembea nao, ila ndani ya mfuko wa suruali, maana mkono aliutia humo asubuhi na kuutoa jioni. Alimwambia mke wake peke yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo mwenyewe aliijua vizuri sana, lakini kujua methali si dawa.

Darasa halikuambiwa, ila watoto hawafichwi kitu. Kiranja wao, msichana mrefu mwenye pengo na sauti ya kuamrisha, alianza kuichukua chaki kabla hajaombwa. "Nikuandikie, mwalimu? Wewe sema tu." Siku ambazo mwalimu aliandika mwenyewe, ubao ulionekana kama kuku mwenye matope miguuni amepita hapo, na watoto wakanakili kwa kubuni. Akiuliza, "Mmeelewa?" walijibu kwa pamoja, "Tumeelewa, mwalimu!" Naye alifurahi. Tusimpambe, alifurahi kweli, akajiambia mambo bado yanakwenda.

Wazazi walipofungua madaftari hawakuona cha kufurahia. Mmoja alikwenda shuleni na lalamiko la daftari na la mkono aliosimuliwa na mwanawe, kisha mwingine, na mwisho mwalimu mkuu akamwita ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa makamo ambaye zamani, akiwa na nywele zilizofungwa mafundo kama vitunguu kichwani, alikaa dawati la mbele kabisa na kukitolea macho kikombe kile kile cha bati.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, kwa sababu cheo hakikumfanya asahau.

"Marahaba, mama mkuu. Niambie tu, usizunguke."

"Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Mimi nimemwomba aingie darasani kwako. Fundisha somo la sindano. Akiridhika, nitawaambia wazazi kwamba mkono hauna neno, na utamalizia muda wako huko huko darasani. Asiporidhika..." Alitazama dirishani. "Kuna nafasi kwenye stoo ya vitabu."

"Stoo."

"Ina kiti kizuri, mwalimu."

Stoo ile haikuwa na dirisha. Mwalimu alishukuru, akatoka, na kwenye ukumbi alisimama kidogo akiwasikiliza watoto wakiimba jedwali la saba katika darasa fulani, kama mtu aliyepita nje ya nyumba yake mwenyewe akakuta inakaliwa na wengine. Hakuwa na ujuzi mwingine duniani. Hakuwa na shamba, hakujua biashara, na wanawe walikuwa watu wazima wenye maisha yao. Alichokuwa nacho ni kile chumba na zile kelele. Wakimtoa humo, alijua, atakuwa mgonjwa tu, ambaye watu humwuliza hali na kupita.

Akapiga moyo konde. Mkono unaotetemeka hauwezi kulaza sindano juu ya maji, ila kuna njia ya pembeni: unaweka kipande cha tishu juu ya maji, juu yake unaangusha sindano hata kwa mkono wa mlevi, unasubiri. Tishu inalowa, inachoka, inazama, na sindano inabaki juu peke yake. Alijaribu baada ya watoto kwenda nyumbani, mlango umefungwa, kikombe cha bati mezani. Mara ya kwanza ikaelea. Mara ya pili ikaelea. Mzee alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamegusa kidevu, akacheka peke yake.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumba cha mbele cha nyumba yao, mguu kwenye kanyagio tangu asubuhi, utepe wa kupimia shingoni, na sindano zote za mwalimu zilitoka kwenye kopo lake. Miaka yote alitoa sindano na hakuwahi kuziona zikielea. Kila mara alisema atakuja siku moja shuleni aone, na kila mara kulikuwa na sare za watu za kumaliza.

"Utamwonyesha mgeni hicho kikombe?" aliuliza alipomwona mumewe akikifunga kwenye gazeti. "Kimebanduka hivyo? Atasema huna mke."

"Mama, ni maji na sindano. Haendi kunywa chai."

"Hata kama. Na akikaa nyuma ataona nini kwenye bati? Kioo ndiyo kinaonyesha." Akavuta kigoda, akapanda, akatoa juu ya kabati bakuli la kioo walilopewa na shangazi yake siku ya harusi, lililokuwa halijawahi kutiwa kitu kwa kuogopewa. Lilikuwa na vumbi la miaka. "Utabeba hili. Wakuone mtu."

Mwalimu hakubishana. Kwa kweli alipenda wazo lile. Siku zile maji yalikuwa ya mgao na bomba lilikuwa kavu. Ndani mlikuwa na ndoo moja, nayo ilikuwa ya kupikia. Mke alichukua sabuni ya unga ya kufulia, akalisugua bakuli ndani na nje kwa kitambaa kibichi, akalipitishia maji kiasi cha kiganja kwa kuhurumia ndoo, halafu akalifuta kwa kitambaa kikavu mpaka likawa linalia chini ya kidole. Akaliweka mezani. Liling'aa hata paka akaja kulitazama.

Asubuhi mwalimu aliliona, na swali likamfika kwenye meno: Umelisuuza vizuri? Lakini mke alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, uso umejaa, anangoja asifiwe. Kuna maswali ambayo mume hamwulizi mke wake saa ile. Na kukiosha tena chombo alichokwisha kukiosha mkeo, mbele ya macho yake, ni tusi lisilohitaji mdomo. Hakuna nyumba ambayo hilo halijulikani. "Linapendeza," alisema. "Limezidi hata siku ya harusi." Akajiambia atalisuuza shuleni.

Shuleni tangi lilikuwa tupu. Mpishi alikuwa amewekewa ndoo zake na hazigusiki, na walimu walikuwa na jagi moja la maji ofisini. Mwalimu alipolichukua, kiranja akaja mbio ukumbini. "Mwalimu, mgeni ameshaingia! Amekaa nyuma! Na mama mkuu yuko!" Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Aliingia na bakuli kwapani na jagi mkononi, darasa likasimama, shikamoo ikapigwa kwa nguvu kuliko siku zote, na hapakuwa tena na mahali pa kusuuzia kitu.

Mkaguzi alikuwa bwana mnene mwenye suti ya kijivu, amebanwa kwenye dawati la nyuma kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Alimpungia mwalimu kama kusema endelea, usinijali. Mwalimu mkuu alisimama kando ya mlango, mikono ameifumbata. Mwalimu aliwaita watoto wasogee, wakaizunguka meza, mabega kwa mabega, na kwa hiyo mkaguzi kule nyuma akabaki na migongo ya sare tu.

Somo lilianza vizuri. Hilo lisemwe. Mkono ulikuwa mfukoni, sauti ilikuwa imara, na alipouliza, "Chuma kinaelea?" wakasema hapana, na alipowauliza kwa nini mdudu anatembea juu ya dimbwi bila kulowa, mikono kumi ikawa juu. Mkaguzi aliandika kitu na kutikisa kichwa kwa kukubali. Mwalimu akaona mwanga. Akamimina maji.

Aliviona hapo hapo. Kando ya kioo, maji yalipokutana na bakuli, vilikaa vipovu vitatu vinne vidogo, vyeupe, vimejibanza. Mtu mwingine asingeviona. Yeye alivitazama, kisha akalitazama jagi. Jagi lilikuwa tupu.

Angeweza kusema jambo, kweli. Angesema, ngojeni, chombo kina sabuni. Ila angesemaje? Na kwa maji yapi? Na sabuni ya nani? Akajiambia pengine ni kidogo, pengine yatabeba. Mtu aliyewasimamisha watoto nyuma kwa kuona wanachotaka kuona, alisimama pale akitaka kwa moyo wake wote. Akatandika tishu juu ya maji. Akautoa mkono mfukoni haraka, akaidondosha sindano juu ya tishu, akaurudisha.

Tishu ikalowa. Ikazama. Sindano ikaenda nayo, kichwa mbele, bila kusita hata kidogo, ikalala chini ya bakuli.

Watoto waliitazama sindano, kisha wakautazama mfuko wa suruali ya mwalimu, kisha wakatazamana. Walikuwa wanajua kila kitu, kama watoto wanavyojua: habari ya stoo, ya wazazi wao waliolalamika, ya huyu mgeni.

"Vipi huko?" mkaguzi aliuliza kutoka nyuma, kwa upole. "Imeelea?"

Kiranja ndiye aliyeanza. "Imeelea!" alisema. Na darasa zima likamfuata, "Imeelea! Imeelea!" wakapiga makofi, wakarukaruka, wakasukumana kana kwamba kila mmoja anataka kuona zaidi. Walifanya vizuri. Walifanya vizuri mno. Mkaguzi akacheka, akaandika. Kule mlangoni mwalimu mkuu, ambaye aliijua kelele ya kweli kwa sababu aliwahi kuipiga, aliacha kutabasamu. Halafu akatabasamu tena, akakitikisa kichwa kidogo kumwambia mwalimu: Acha. Pokea.

Mwalimu alisimama mbele ya makofi yale, na furaha haikuja. Alichoona ni kwamba hawakutunga uongo ule asubuhi hiyo. Walikuwa na mazoezi. "Tumeelewa, mwalimu!" wakati hawakuelewa. "Nikuandikie?" Tangu muhula uanze walikuwa wakiona mkono na kusema hawauoni, na yeye aliwapa alama kwa hilo kwa kufurahi kwake. Aliwafundisha somo moja kwa mdomo na lingine kwa mfuko wa suruali, na walilishika hili la pili.

"Kiranja," aliita. "Njoo karibu. Umeona nini?"

Msichana alisogea. Alilitazama bakuli, akamtazama yeye, macho yakamjaa. "Imeelea, mwalimu," alisema polepole, kama anayemwomba.

Ilitosha kusema "vizuri" na kengele ingelia. Angebaki na chumba chake, na kelele zake, na kila mwaka angewaambia wengine waseme walichokiona. Aliwaza hivyo. Akaona kwamba hataweza kulisema tena neno lile ndani ya chumba kile, na bila neno lile chumba chenyewe ni stoo tu.

"Imezama," alisema.

Na kwa kuwa mkaguzi hakuona kitu kutoka kule, mwalimu akautoa mkono mfukoni, akalishika bakuli kwa mikono yote miwili, akalinyanyua juu ya vichwa vya watoto. Hapo ndipo sindano ilipoanza kugonga. Mkono ulitetemeka, bakuli likatetemeka, maji yakamwagika kwenye mikono ya shati lake, na ile sindano kule chini ikagonga kioo, ti-ti-ti-ti-ti, kidogo kidogo, bila kupumzika. Darasa zima liliisikia. Mkaguzi aliweka kalamu chini. Kiranja alijifunika uso.

"Chombo kina sabuni," mwalimu alisema katikati ya mlio ule. "Ndiyo sababu. Andikeni hivyo."

Baadaye, ukumbini, mwalimu mkuu alimshika kiwiko. Alikuwa amekasirika hadi machozi yanamtoka. "Kwa nini, mwalimu? Alikuwa ameshaandika! Ulikuwa umepita! Nani alikutuma?"

"Ilizama, mwanangu."

"Najua ilizama! Kila mtu anajua ilizama!" Akajifuta kwa kiganja. "Unadhani wamejifunza nini leo? Wamejifunza kwamba walikuumiza. Wako mle ndani wanalia, wanaambiana wao ndio wamekufukuzisha. Hicho ndicho watakikumbuka, si ngozi ya maji." Kilio chenyewe mwalimu alikuwa amekisikia. "Jumatatu atakuja mwalimu mwingine. Ufunguo wa stoo uko kwa karani."

Alirudi nyumbani kwa miguu, bakuli kwapani, sindano kwenye ukosi. Njiani alipanga maneno. Angesema yote, moja baada ya jingine, ila lile la sabuni angelizunguka. Lakini habari ile haikuzungukika. Kila alipoianzia, ilifika kwenye sabuni.

Mke alisikia mlango akasimamisha cherehani. "Enhe? Imeelea?"

Alikuwa na nyuzi kwenye nywele na uso ule ule wa asubuhi. "Walilionaje bakuli? Nililisugua, jamani, mpaka mkono ukafa ganzi. Nikasema leo asije mtu akamdharau mume wangu kwa sababu ya chombo."

"Imeelea," mwalimu alisema.

"Si nilikwambia!" Akapiga kofi moja, akacheka, akanyanyuka. "Basi leo nami utanionyesha. Wewe usikae. Miaka yote natoa sindano kama mganga, sijaona hata moja. Bomba limetoa mchana, maji yapo." Akamnyang'anya bakuli kabla hajasema kitu. "Subiri nilipitishe sabuni, limeshikwashikwa na watoto."

Mwalimu aliposema ngoja, alisema kwa sauti isiyovuka mlango wa jikoni. Akamsikia akisugua. Bakuli likarudi likiwa limejaa, linang'aa, likawekwa kwenye meza ya kukatia nguo, katikati ya chaki na mikasi, na vipovu viwili vimejibanza kando. Mke akavuta kigoda, akaweka viwiko mezani, akangoja.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ya mwalimu ilikuwa na urefu wa chumba kimoja. Akachana tishu. Akachomoa sindano. Hakuuficha mkono, humo ndani haukuwa na haja ya kufichwa. Sindano ikaanguka juu ya tishu, tishu ikalowa, vikazama vyote viwili.

Mwalimu aliushika ukingo wa bakuli kwa mkono ule ule. Sindano ikaanza kugonga kioo.

Mke aliinama, akatazama. Alikuwa mtu wa kutunga uzi kwenye tundu la sindano mchana kutwa bila miwani, na sindano haiwezi kumpotea ndani ya bakuli la kioo. Aliitazama kule chini ilikolala. Alitazama maji yaliyokauka na kuacha alama kwenye mikono ya shati la mumewe. Halafu akamtazama yeye usoni, kwa muda, mpaka kicheko chote kikamwisha.

Akauweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, akaukandamiza kwenye meza, akaushikilia hivyo hadi sindano ikanyamaza.

"Naiona," alisema. "Imeelea."

"Ee," mwalimu alisema. "Imeelea."